Swali la Kumi na Tisa

Olomouc, mwezi wa pili, theluji imegeuka tope.
Chumba cha mtihani zamani kilikuwa kikanisa cha hospitali;
ukutani ipo alama ya msalaba uliong'olewa
kabla sijazaliwa. Wamepaka rangi mara tatu.
Alama hurudi.

Kazi yangu ni ndogo: nagawa penseli,
natazama saa, nasema, "Geuzeni ukurasa."
Maswali kumi na manane ya maumbo,
pembetatu izungukayo, doa lihamalo,
tafuta kipande kilichokosekana.
Kisha la kumi na tisa: Je, unaamini kuwa Mungu yupo?
Ndiyo. Hapana. Weka alama moja tu.

Wamepita mbele yangu watu mia nne na sita.

Bohumil, fundi umeme wa tramu,
ambaye jina lake kwa lugha yetu ni kipenzi cha Mungu,
alikandamiza Hapana hata karatasi ikatoboka.
Tisini na moja.

Sista Anežka aliweka penseli chini, akauliza:
"Mnataka jibu la leo, au la jana usiku?"
Mia thelathini na nne.

Mlada, muuza viazi, aliombea kila umbo
kwa sauti, mpaka jirani yake akahama kiti.
Akakosa karibu yote. Akanipa tufaha.

Na Daktari Radovan wa fizikia.
Wahenga walisema akili ni nywele;
huyu hana hata unywele mmoja,
naye alipata mia arobaini na moja.
Hapana, alijibu, kwa alama nadhifu.
Nikamwona mlangoni akiibusu pete ya marehemu mama yake
kabla ya kutoka kwenye baridi.
Sikuandika popote. Busu halina kisanduku.

Profesa alitawanya nukta zote kwenye grafu,
akapitisha mstari katikati:
umeinama kidogo, kama paa la banda la kuku.
Gazeti likaandika kwa herufi nene
WASIOAMINI WANA AKILI ZAIDI.
Akawapigia simu, shingo imemwiva:
"Nilisema labda! Nilisema kwa kiasi kidogo sana!"
Lakini labda haienei kwenye herufi nene.

Mimi nilimfikiria baba.
Mwaka wa hamsini na tatu, darasani,
mwalimu alisema, "Wanaokwenda kanisani, simameni."
Alois, aliyezidisha thelathini na saba kwa arobaini na sita
kabla chaki haijafika mwisho wa ubao,
alisimama. Peke yake, soksi moja imeshuka.
Kwenye faili lake waliandika:
akili ipo, ila imefunikwa na ukungu.
Wakampeleka tanuri la matofali.

Sasa mngependa niseme alikufa na rozari mkononi.
Hapana. Imani ilimtoka akiwa na miaka thelathini na mmoja,
usiku ule mama alipofariki akimzaa mdogo wangu.
Hakuwa amesoma kitabu chochote.
Hakuwa amepata akili mpya, wala kupoteza ya zamani;
asubuhi alihesabu matofali vilevile, bila kukosea hata moja.
Ila alikuwa akisema, hadi uzeeni,
kwamba yule mwalimu angerudi na kuuliza tena
angesimama tena, Mungu awepo asiwepo,
kwa sababu ya namna alivyouliza.

Leo jioni wote wameondoka.
Nimechukua karatasi iliyobaki, nimekaa kiti cha Mlada.
Maumbo: kumi na saba sahihi, moja nimekisia.
Kwenye la kumi na tisa nimeshika penseli
hadi mbao yake ikapata joto,
nikaipeleka karatasi kwenye kompyuta kama ilivyo.

Kompyuta imeikataa. Fomu haijakamilika.
Inauliza kama nataka kuifuta.
Ndiyo. Hapana.
Nje tramu inapita, taa zake zinaangaza ukuta,
kisha haziangazi.